Maswali ya Wasomaji: Mwangwi Unaoharibu Data, na Kipokezi Kinachoweza Kuuelewa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mawasiliano hapa Mombasa. Mradi wangu ni kutuma vipimo vya maji kujaa na kupwa kutoka upande wa kisiwani hadi Likoni, kwa redio ndogo ya gigahezi 2.4 inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta. Ninapotuma biti 10,000 kwa sekunde, kila kitu hufika salama. Nikipandisha hadi biti milioni moja kwa sekunde ili niambatishe na picha za kamera, biti nyingi hufika zimegeuka. Nimeongeza nguvu ya kitumaji mara nne, lakini makosa hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana, na kila feri inapovuka mambo huzidi kuharibika. Msimamizi wangu amenielekeza nisome kuhusu visawazishi na algorithimu ya Viterbi. Nimesoma, ila kila kitabu nilichofungua kinaanza na milinganyo kabla ya kunieleza ugonjwa wenyewe ni upi. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ina jambo moja lililobeba nusu ya jibu: umeongeza nguvu mara nne na makosa hayakupungua. Kelele inayozaliwa na joto ndani ya kipokezi haijui kama kitumaji chako kinanong'ona au kinapiga ukelele. Hubaki pale pale. Kama kelele hiyo ndiyo ingekuwa inakuharibia data, nguvu mara nne ingeyapunguza makosa kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa hayakupungua, kinachoharibu kinapanda kila unapopandisha ishara yako, na kwa hali yako kitu cha namna hiyo karibu hakika ni kimoja: ni ishara yako mwenyewe, iliyopita njia ndefu zaidi ikachelewa kufika. Wahandisi huuita mwingiliano baina ya alama (alama ni kipande kimoja cha ishara kinachobeba data; kwako ni biti moja), na ningependa ulishike hili kabla hujagusa mlinganyo wowote, kwa sababu wanafunzi wengi huanza kupambana na mwingiliano huo kana kwamba ni kelele, ilhali kelele haitabiriki na mwangwi wa ishara unayoijua unaweza kuhesabiwa.

Chukua mfano wa mawaidha katika uwanja wa Makadara. Kipaza sauti kimoja kiko karibu nawe, na cha pili kiko mbali zaidi kwa mita 170. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila neno unalisikia mara mbili, la pili likiwa limechelewa nusu sekunde. Sheikh akizungumza taratibu na kutua baina ya maneno, mwangwi hufa kabla ya neno linalofuata, nawe unamfahamu vyema. Akiharakisha, mwangwi wa neno la kwanza unaangukia juu ya neno la pili, na hapo fundi wa mitambo hata akiongeza sauti hadi mwisho hutafaidika lolote, kwa kuwa vipaza sauti vyote viwili vimepanda pamoja.

Redio yako iko katika hali hiyo hiyo, ila mawimbi yake huenda mita 300 kwa kila maikrosekunde. Unapotuma biti 10,000 kwa sekunde, biti moja inadumu maikrosekunde 100, muda unaotosha wimbi kwenda kilomita 30. Mwangwi uliogonga ubavu wa meli au jengo refu na kuzunguka mita 300 zaidi unachelewa kwa sehemu moja ya mia ya biti, na kipokezi hakiutambui. Kwa biti milioni moja kwa sekunde, biti inadumu maikrosekunde moja, yaani mita 300 kamili, na mwangwi ule ule sasa unatua juu ya biti inayofuata.

Kwa hiyo anza kwa kuipima chaneli, yaani njia zote ambazo ishara hupita kutoka kitumaji hadi kipokezi. Tuma mfuatano wa biti ambao kipokezi kinaujua tangu mwanzo, kisha ulinganishe na kile kilichofika kwa kuusogeza hatua moja moja. Kila pale ulinganifu unapopanda juu, hapo pana njia moja ya mawimbi, na urefu wa mpando huo unakueleza nguvu ya njia hiyo. Ukimaliza utakuwa na orodha fupi ya namba, kwa mfano 1 kwa njia ya moja kwa moja na 0.5 kwa mwangwi uliochelewa biti moja. Orodha hiyo ndiyo chaneli yako, na mpaka uione kwa macho, mjadala wa kuchagua kisawazishi, yaani hesabu ya kipokezi ya kuondoa mwangwi, hauna msingi. Na ukiwa bado hujaandika hata mstari mmoja wa programu, jaribu kwanza antena yenye kuelekeza mawimbi upande mmoja. Mwangwi ambao haukuingia kwenye antena hauhitaji hesabu.

Sasa tuseme biti ya moja inatumwa kama +1 na biti ya sifuri kama −1, na chaneli ni hiyo ya 1 na 0.5. Kila sampuli inayopokewa, yaani kipimo kimoja cha ishara, ni biti ya sasa, ikajumlishwa na nusu ya biti iliyotangulia, pamoja na kelele kidogo. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuigeuza chaneli kinyume. Unachukua sampuli ya sasa, unatoa nusu ya iliyotangulia, unaongeza robo ya ile ya kabla yake, unatoa thumuni ya ile ya nyuma zaidi, na kuendelea hivyo hadi masalia yawe madogo ya kupuuzwa. Hiki ndicho kisawazishi cha mstari, na mwaka 1965 Robert Lucky wa maabara za Bell nchini Marekani alionyesha jinsi modemu za simu zinavyoweza kujirekebishia kisawazishi cha aina hiyo zenyewe, bila fundi kukaa akizungusha vifundo. Kwa mwangwi wa nusu, gharama yake ni ndogo: nguvu ya kelele inaongezeka kwa theluthi moja, na wengi wangeridhika.

Lakini wewe uko kando ya bandari, ambako meli na makontena ni kuta za chuma, na mwangwi unaweza kukaribia ukubwa wa ishara ya kwanza. Weka 0.9 mahali pa 0.5. Yako masafa, yaani kasi za kutikisika kwa wimbi, ambayo mwangwi huyafikia ukiwa umepinduka, ukaifuta ishara hadi ikabaki sehemu moja ya kumi. Kisawazishi, kwa kutii amri ya kurudisha kila kitu katika usawa, kinayakuza masafa hayo mara kumi, na kelele iliyokuwamo humo inakuzwa nayo. Ukipiga hesabu utakuta nguvu ya kelele yote imekua zaidi ya mara tano, yaani takriban desibeli 7. Mwangwi umekwisha na data imeharibika vile vile. Ipo namna ya kupunguza madhara haya, ya kukiambia kisawazishi kipunguze jumla ya kosa lote, kelele ikiwa ndani ya hesabu, badala ya kuufuta mwangwi kabisa. Hukubali mwangwi kidogo ubaki ili kelele isikuzwe kupita kiasi. Itumie daima ukichagua kisawazishi cha mstari, ingawa kwa chaneli yenye shimo refu katika masafa haitakufikisha mbali.

Wazo la pili linaanzia kwenye swali jepesi. Ikiwa tayari nimekwisha kuamua kwamba biti iliyotangulia ilikuwa +1, kwa nini nisitoe 0.9 moja kwa moja kutoka kwenye sampuli ya sasa? Uamuzi uliokwisha kufanywa ni namba safi isiyo na kelele, kwa hiyo kuutoa mwangwi kwa njia hii hakuongezi kelele hata chembe. Hiki ni kisawazishi chenye kurejesha maamuzi, na kwa urahisi wake ninakipenda sana. Kasoro yake utaiona katika mfano huu, ambao ninakuomba uukokotoe mwenyewe kwa kalamu.

Biti iliyotangulia ilikuwa +1 na kipokezi kinajua hivyo. Zikatumwa −1, +1, +1. Kwa mwangwi wa 0.9, sampuli zisizo na kelele zingekuwa −0.1, 0.1 na 1.9. Tuseme kelele ikaipiga sampuli ya kwanza pigo moja kali la 1.1, kisha ikatulia, hivyo kipokezi kikapata 1.0, 0.1 na 1.9. Kisawazishi chenye kurejesha maamuzi kinatoa 0.9 kutoka 1.0, kinabakiwa na 0.1, na kwa kuwa ni juu ya sifuri kinaamua +1. Kimekosea. Sasa kinatoa tena 0.9 kutoka sampuli ya pili, kinapata −0.8, kinaamua −1. Kimekosea tena, na safari hii kelele haikuhusika: kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili. Katika sampuli ya tatu kinaongeza 0.9 kwenye 1.9, kinapata 2.8, na kinaamua +1 kwa usahihi.

Tazama hiyo 2.8. Kwa chaneli yetu, baada ya kuutoa mwangwi, kilichopaswa kubaki ni kitu kilicho karibu na +1 au −1. Namba kubwa kiasi hicho ni ushahidi wa wazi kwamba jambo fulani huko nyuma halikwenda sawa, ila kisawazishi hiki hakina mlango wa kurudi nyuma, kikishaamua kimeamua. Na sampuli ya 1.9 yenyewe ilikuwa shahidi, kwa sababu njia pekee ya kupata namba iliyo karibu na 1.9 ni biti mbili zinazofuatana kuwa +1 zote. Mwangwi tuliokuwa tukiutupa kama takataka ulikuwa umebeba habari za biti iliyopita.

Hapa ndipo anapoingia Andrew Viterbi, ambaye mwaka 1967 alitoa algorithimu yake kwa ajili ya kusoma misimbo ya kurekebisha makosa. Mwaka 1972 David Forney alionyesha kwamba algorithimu hiyo hiyo ndiyo inayotupatia kipokezi bora kwa chaneli zenye mwingiliano baina ya alama. Badala ya kuamua biti moja moja, kipokezi kinauliza: ni mfuatano gani mzima ambao, kama ungetumwa, ungezaa sampuli zilizo karibu zaidi na hizi nilizopata? Katika mfano wetu, mfuatano wa kweli unatofautiana na sampuli katika ile ya kwanza tu, na mraba wa tofauti hiyo ni 1.21. Mfuatano uliochaguliwa na kisawazishi cha awali, yaani +1, −1, +1, ulipaswa kuzaa 1.9, −0.1 na 0.1, jumla ya miraba ya tofauti zake ni 4.09. Mfuatano wa +1 tupu unafikia 4.05, na mingine yote iko juu zaidi ya hapo. Kipokezi kinachouangalia mfuatano mzima hakikosei biti hata moja, ingawa kimepigwa na kelele ile ile.

Utasema kuwa biti tatu zina mifuatano minane tu, lakini biti elfu moja je? Uzuri wa kazi ya Viterbi uko katika swali hilo. Fikiria madereva wawili waliotoka Changamwe kwenda Nyali. Mmoja alipita njia hii baada ya Makupa, mwingine akapita ile, na wote wawili lazima wafike Buxton kabla ya kuvuka daraja. Aliyetumia dakika nyingi zaidi kufika Buxton hawezi tena kuwa na njia iliyo bora, kwa sababu kipande kilichobaki ni kimoja kwao wote. Njia yake tunaweza kuifuta katika hesabu bila majuto. Katika chaneli yako, Buxton ni biti ya mwisho iliyotumwa. Mifuatano yote iliyoishia kwa +1 itapata mwangwi ule ule mbele ya safari, kwa hiyo tunabakiza mmoja ulio bora kati yake, na mmoja kati ya ile iliyoishia kwa −1. Kila sampuli inapoingia tunairefusha miwili hiyo, tunalinganisha, na tunafuta. Biti elfu moja au milioni moja, kazi kwa kila biti haibadiliki.

Bei yake inapanda na urefu wa mwangwi. Mwangwi ukifika nyuma biti nne, hali za kufuatiliwa, yaani mipangilio yote ya biti hizo za mwisho, ni 16, kazi ambayo vipokezi vya simu za GSM viliiweza tangu miaka ya 1990: biti ya GSM hudumu takriban maikrosekunde 3.7, na mwangwi wa maikrosekunde 16 unachukua nafasi ya biti nne na ushei. Mwangwi ukifika biti 20, hali zinapita milioni moja. Na ukiacha alama mbili ukatumia alama 64 ili kubana data zaidi, mwangwi wa alama nne pekee unakudai hali 16,777,216. Ndiyo maana visawazishi vya namna nyingine havijastaafu, na ndiyo maana nilikuambia upime chaneli kabla ya kuchagua.

Linabaki suala la feri. Namba zako za chaneli ni za kweli kwa muda mfupi tu. Kwa gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5. Tuseme feri inakwenda mita 3 kwa sekunde na mwangwi unarudi kutoka ubavuni mwake: njia hiyo inaweza kubadilika hadi mita 6 kwa sekunde, na inahitaji kubadilika sentimita 6 na kitu tu ili mwangwi uliokuwa ukiisaidia ishara uwe wa kuifuta. Hayo yanatukia ndani ya milisekunde 10 hivi, muda ambao umetuma biti 10,000. Kwa hiyo gawa data katika mafungu ya biti elfu moja hivi, na katika kila fungu tia biti za mafunzo zinazojulikana na kipokezi, ukiziweka katikati ili hakuna biti ya data iliyo mbali nazo sana. GSM ilifanya hivyo: fungu lake la kawaida lina biti 148, na 26 kati ya hizo ni za mafunzo, katikati kabisa.

Baina ya fungu na fungu unaweza pia kuzirekebisha namba za chaneli kidogo kidogo kwa kanuni ambayo Bernard Widrow na Ted Hoff waliitunga katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1960. Kipokezi kinakisia sampuli inayotarajiwa, kinatazama kimekosea kwa kiasi gani, na kinaisogeza kila namba upande wa kupunguza kosa hilo. Ukubwa wa hatua ndio roho ya jambo. Hatua ndogo mno, na feri itakuwa imekwisha kufika ng'ambo kabla kipokezi hakijajua kwamba imeondoka. Kubwa mno, na namba zitayumba kwa kila punje ya kelele, pengine zisitulie kamwe. Ichague kwa kujaribu mahali penyewe, feri zikipita, si kwenye meza ya maabara.

Ushauri wangu kwa mradi wako, basi, ni Viterbi wa hali nne au nane, makadirio mapya ya chaneli katika kila fungu, na sampuli mbili kwa kila biti badala ya moja, kwa sababu saa ya kipokezi chako na ya kitumaji haziendi sawa kabisa, na sampuli ya ziada itakuokoa usianguke baina ya biti na biti. Kompyuta ya kawaida inaimudu kazi hiyo kwa biti milioni moja kwa sekunde. Nguvu ya kitumaji irudishe ilipokuwa, kwa kuwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya imeweka mipaka kwa masafa hayo, na wewe mwenyewe umekwisha kuona kwamba kuivuka hakukusaidii.

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni fundi wa kufunga antena za televisheni, Kisauni. Zamani za analojia, nyumba iliyozungukwa na maghorofa ilikuwa na picha ya pili hafifu kando ya ile ya kwanza, na mteja alilalamika. Siku hizi kwa king'amuzi sioni tena picha pacha hata katika nyumba zile zile. Mwangwi umekwenda wapi?
Fundi, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu fundi. Mwangwi haukwenda popote. Maghorofa yangali pale. Kilichobadilika ni namna data inavyopangwa kabla ya kurushwa. Mwaka 2015 Kenya ilipozima analojia, ilibaki na mfumo wa televisheni ya kidijitali uitwao DVB-T2, nao hautumi biti moja baada ya nyingine mbiombio katika wimbi moja kama alivyofanya mwanafunzi wetu. Hugawa data katika maelfu ya mawimbi madogo yanayokwenda sambamba, kila moja likibeba sehemu yake kwa utaratibu sana. Katika mpangilio mkubwa wa mfumo huo, chaneli moja ya televisheni yenye upana wa megahezi 8 hubeba zaidi ya mawimbi 27,000, na alama moja hudumu maikrosekunde 3,584. Ni sheikh yule wa Makadara, ila sasa amepata wasemaji elfu ishirini na saba, na kila mmoja anavuta neno lake polepole.

Zaidi ya hayo, kabla ya kila alama huwekwa nakala ya mkia wake, muda wa kinga ambao kipokezi kinautupa bila kuusoma. Mwangwi wowote unaochelewa ndani ya muda huo unaangukia kwenye sehemu inayotupwa. Muda wa kinga ukiwa sehemu moja ya kumi na sita, ni maikrosekunde 224, ambazo ni sawa na mwangwi uliozunguka kilomita 67 zaidi. Ghorofa lolote la Mombasa limo ndani ya mipaka hiyo, na hata mnara wa pili unaorusha matangazo yale yale kwa masafa yale yale huonekana na king'amuzi kama mwangwi mwingine tu. Kwa wimbi moja moja, kusawazisha kunakuwa ni kugawanya kwa namba moja, ambayo kipokezi hujifunza kutoka kwa mawimbi maalumu ya rubani yaliyotawanywa humo kwa nguvu inayojulikana.

Lakini usimwambie mteja kwamba mwangwi hauna madhara tena. Yale masafa ambayo mwangwi huyafuta, niliyoyaeleza hapo juu, bado yanafutwa, na mawimbi madogo yaliyoko humo hufika yakiwa yamedhoofika. Data zake hurejeshwa na msimbo wa kurekebisha makosa kutoka kwa wenzake walio wazima. Msimbo huo hufanya kazi kwa ukamilifu hadi kikomo fulani, kisha hushindwa kwa ghafla, na ndiyo maana wateja wako huona ama picha safi kabisa ama picha iliyoganda vipande vipande, bila hali ya katikati. Analojia ilikuwa ikikuonyesha ugonjwa mapema, na sasa macho hayatoshi. Unapofunga antena tazama kipimo cha ubora wa ishara, si kipimo cha nguvu peke yake, kisha uizungushe mpaka ubora upande. Mara nyingi utakuta mahali penye ubora mkubwa si mahali penye nguvu kubwa.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba intaneti yetu inapita katika nyaya za nuru chini ya bahari zinazotokea hapa Mombasa. Ndani ya waya hakuna majengo wala feri. Je, huko nako kuna mwingiliano huu?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Upo, na ulikuwako katika nyaya za baharini kabla ya redio kuvumbuliwa. Waya wa kwanza wa simu za maandishi kuvuka Atlantiki, mwaka 1858, ulizitandaza ishara kiasi kwamba salamu za Malkia Victoria zenye maneno 98 zilichukua takriban saa 16 kufika. Dawa kuu ya waendeshaji ilikuwa kutuma taratibu mno.

Katika nyaya za nuru zilizofika Mombasa, kama SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, kinachotandaza ishara ni tofauti ya mwendo baina ya rangi na rangi. Hakuna nuru ya rangi moja tupu. Kila ishara ina upana wake mdogo, na katika uzi wa kawaida kila nanomita ya upana huo inachelewa takriban pikosekunde 17 kwa kila kilomita. Chukua kipokezi kinachopokea alama bilioni 32 kwa sekunde, kila moja ikidumu pikosekunde 31. Baada ya kilomita 1,000 za uzi wa namna hiyo, alama moja imetandazwa juu ya zaidi ya majirani mia moja.

Ukirudi kwenye jibu la kwanza utaona mara moja kwamba algorithimu ya Viterbi haifai hapa, kwa maana hali za kufuatiliwa zingepita hesabu yoyote iwezekanayo. Kinachotumika ni kisawazishi cha mstari, kile kile nilichomtahadharisha mwanafunzi wa Tudor asikitegemee. Tofauti iko katika chaneli. Mwangwi wa bandarini hufuta baadhi ya masafa, na kuyarudisha ni kuikuza kelele. Mtandazo wa rangi ndani ya uzi haufuti chochote. Huyachelewesha masafa kwa viwango tofauti na kuyaacha yote na nguvu zake. Kipokezi kinachopima nuru pamoja na awamu yake, yaani wimbi limefika hatua gani ya mtikisiko wake, kinaweza kuyachelewesha yale yaliyowahi mpaka yakutane na yaliyochelewa, na kelele haiongezeki.